Nyota ya nne ya Komoro: kura ilipigwa, lakini nani alihesabu?

Wiki iliyopita nilikuwa kafe, hapa Nachingwea mjini, nasubiri ukurasa ufunguke (spidi yetu mnaijua wenyewe). Mashine ya pembeni alikaa dogo mmoja wa Ruangwa. Kamaliza kidato cha nne kama mimi, hana kazi ya kueleweka kama mimi. Alikuwa anaangalia ramani. Ghafla akanigeukia: "Kaka, hivi kumbe Ufaransa iko hapa tu?"

Nikacheka, nikadhani utani. Akanionyesha. Kweli bwana! Ukitoka Mtwara ukaelekea kusini mashariki baharini, kuna kakisiwa kameandikwa Mayotte, na kwenye mabano: Ufaransa. Tukapima kwa mstari ulionyooka, kama kilomita 600 kutoka Mtwara. Yaani mtu wa Mtwara yuko karibu na Ufaransa kuliko Dodoma kwa barabara. Pesa yao ni yuro. Wabunge wao wanakaa Paris.

Dogo akauliza swali la pili: "Sasa kaka, mtu akipata boti si anafika?"

Hapo sikucheka. Nikamwambia subiri, nitakuandikia. Basi makala hii ni yake, na ni ya wengine wote wanaoangalia ramani bila kujua kilichotokea hapo kwenye ramani.

VISIWA VINNE, NYOTA NNE

Ukiangalia bendera ya Muungano wa Komoro utaona mistari minne na nyota nne. Kila kisiwa na mstari wake, na nyota yake: Ngazija, Anzuani, Mwali na Mayotte, ambacho wenyewe wanakiita Maore. Lakini serikali iliyoko Moroni inatawala visiwa vitatu tu. Nyota ya nne iko kwenye bendera ya Komoro, ila kiti chake kiko kwenye bunge la Ufaransa.

Ni nchi ndogo sana. Visiwa vyote vinne ukivijumlisha, pamoja na Mayotte, unapata kama kilomita za mraba 2,230. Wilaya ya Ruangwa peke yake inazidi 2,500. Kwa hiyo ninyi wa Ruangwa mkisikia "nchi ya Komoro", jueni nchi nzima inaingia kwenye wilaya yenu na nafasi ya shamba la korosho inabaki.

Na si wageni kwetu. Lugha zao ni ndugu wa Kiswahili, dini moja na watu wetu wa pwani, na Wangazija wamekaa Unguja na Dar es Salaam vizazi na vizazi.

MKOLONI ALIINGIA KWA VIPANDE

Watu wengi wanadhani mkoloni aliamka siku moja akachukua nchi nzima. Komoro haikuwa hivyo, na hapa ndo mzizi wa matatizo yote.

Mwaka 1841 Mayotte ilikuwa chini ya sultani aliyeitwa Andriantsoly, mtu aliyekimbia vita kwao Madagaska. Alikuwa amebanwa na maadui kila upande. Akaingia mkataba na Wafaransa, akawapa kisiwa ili apate ulinzi na malipo ya kila mwaka. Visiwa vingine vitatu vilibaki na masultani wao kwa miaka mingine 45. Viliwekwa chini ya ulinzi wa Ufaransa mwaka 1886. Mwaka huohuo Wajerumani na Waingereza walikaa mezani wakagawana bara letu hili, na Nachingwea ikaangukia upande wa Mjerumani bila mtu wa hapa kuulizwa.

Baadaye Ufaransa ikaviunganisha visiwa vyote vinne na, mwaka 1912, ikavifanya sehemu ya koloni la Madagaska. Mwaka 1946 vikatengwa na Madagaska na kuwa eneo moja lenye utawala wake. Sikilizeni hapo: ENEO MOJA. Ni Ufaransa yenyewe iliyoweka visiwa vinne kwenye kapu moja.

Makao makuu ya kapu hilo yalikuwa Dzaoudzi, huko Mayotte. Mwaka 1958 baraza la visiwa likaamua yahamie Moroni, kisiwa cha Ngazija. Hapo Mayotte wakaumia. Ofisi zikaondoka, mishahara ikaondoka, biashara ikalala. Wanawake wa Mayotte wakaanzisha upinzani wa aina yake: wakimwona kiongozi aliyetumwa kutoka Moroni, wanamzunguka na kumtekenya mpaka akimbie! Msicheke sana, ile ilikuwa siasa kamili. Mmoja wa viongozi wao, Zéna M'Déré, anakumbukwa kule mpaka leo. Hawakuwa wajinga. Walikuwa watu walioona ofisi inahama na hakuna aliyewauliza.

22 DESEMBA 1974

Sasa tufike kwenye kura.

Miaka ya 1960 wanaharakati wa Komoro walioishi kwetu waliunda chama cha ukombozi kilichokuwa na makao Dar es Salaam, MOLINACO. Ndo miaka ileile FRELIMO walikuwa na kambi yao hapahapa Nachingwea wakijiandaa kupigana na Mreno. Msumbiji walikwenda kwa bunduki, Komoro wakaenda kwa makaratasi. Mwezi Juni 1973 viongozi wa Komoro na serikali ya Ufaransa wakakubaliana kwamba uhuru utapatikana ndani ya miaka mitano, na wananchi wataulizwa kwa kura.

Kura ikapigwa tarehe 22 Desemba 1974. Matokeo ya visiwa vyote: karibu asilimia 95 walitaka uhuru. Lakini ukichukua Mayotte peke yake, karibu asilimia 64 walikataa.

Sasa, unahesabu vipi? Ukihesabu kama nchi moja, uhuru umeshinda kwa kishindo. Ukihesabu kisiwa kimojakimoja, Mayotte imekataa. Kura ni zilezile na masanduku ni yaleyale, ila jibu linategemea aliyeshika kalamu.

Miezi miwili tu kabla ya kura, Oktoba 1974, Rais wa Ufaransa Valéry Giscard d'Estaing mwenyewe aliwaambia waandishi kwamba Komoro ni kitu kimoja na si busara kuigawa. Lakini bunge la Paris lilikuwa limeacha mlango wazi. Sheria ya kura hiyo iliandikwa kwa kutaja "watu" wa Komoro kwa neno la wingi, kama vile kila kisiwa kina watu wake mbali. Mnaona neno moja linavyoweza kukata nchi? Halafu Julai 1975, matokeo yakiwa yameshajulikana, bunge hilohilo likapitisha sheria kwamba katiba ya Komoro lazima ikubaliwe na kila kisiwa peke yake.

Ndugu zangu, hii ni sawa na mechi imekwisha, mmefungwa, halafu refa anasema sasa tunahesabu kipindi cha pili tu.

Rais wa baraza la serikali ya Komoro, Ahmed Abdallah, akaona anachezewa. Tarehe 6 Julai 1975 akatangaza uhuru bila kusubiri ruhusa. Ufaransa ikaviachia visiwa vitatu, ikabaki na Mayotte. Misaada ikakatwa, walimu na wataalamu wakaondolewa. Tarehe 12 Novemba 1975 Umoja wa Mataifa ukaipokea Komoro kama nchi ya visiwa VINNE. Februari 1976 suala likafika Baraza la Usalama. Tanzania tulikuwa wajumbe wakati huo, balozi wetu akiwa Salim Ahmed Salim. Nchi 11 zikaunga mkono Komoro, tatu hazikuegemea upande wowote, moja ikapinga. Hiyo moja ilikuwa Ufaransa, na kwa kuwa ina kura ya turufu, mchezo ukaishia hapo. Siku mbili baadaye Mayotte wakapiga kura yao wenyewe, zaidi ya asilimia 99 wakataka kubaki na Ufaransa.

KANUNI MBAYA HAIFI, INAZAA

Wengine wanasema: si basi tu, wamechagua, waacheni. Mimi nasema angalieni kilichofuata.

Uhuru haujafikisha mwezi, tarehe 3 Agosti 1975, Abdallah akapinduliwa. Mwaka 1978 mamluki Mfaransa Bob Denard akaja kwa bahari, akampindua Ali Soilih, ambaye aliuawa wiki chache baadaye, akamrudisha Abdallah. Mwaka 1989 Abdallah naye akauawa, Denard akiwa bado yupo visiwani. Mwaka 1995 Denard akarudi tena kupindua! Nchi ya watu wachache, jeshi dogo, na mtu mmoja anaingia na kutoka kama anaingia gengeni.

Halafu mwaka 1997 ikatokea ambayo dunia haikuitegemea. Anzuani na Mwali zikatangaza kujitenga. Na hazikutaka tu kujitenga, zilitaka kurudi kwa Ufaransa! Ufaransa ikakataa. Mnaona mantiki yake? Ukishakubali mwaka 1975 kwamba kila kisiwa kinajihesabu chenyewe, hujamaliza na Mayotte. Umefundisha visiwa vyote hesabu hiyo. Na watu wa Anzuani walikuwa wanaona taa za jirani. Kule Mayotte kuna hospitali na mishahara ya Kifaransa, kwao hakuna.

Dawa waliyoitunga mwaka 2001 ilikuwa ya akili kweli. Katiba mpya ikasema urais utazunguka: miaka minne Ngazija, miaka minne Anzuani, miaka minne Mwali. Kila kisiwa kipate zamu. Azali Assoumani wa Ngazija akaanza mwaka 2002, Sambi wa Anzuani akapokea 2006, Ikililou wa Mwali akapokea 2011. Kwa nchi iliyozoea mapinduzi, kupokezana kiti kwa kura lilikuwa jambo kubwa sana.

Na sisi Watanzania tumo humo. Mwaka 2008 kiongozi wa Anzuani, Mohamed Bacar, alikataa kuachia madaraka. Umoja wa Afrika, mwenyekiti wake akiwa Rais Kikwete, ukapeleka majeshi. Tarehe 25 Machi 2008 askari wa Tanzania na Sudan pamoja na wa Komoro waliteremka Anzuani. Bacar akakimbia kwa boti. Alikimbilia wapi? MAYOTTE. Alijua jeshi la Afrika haliwezi kuvuka kilomita 70 zile, kwa sababu upande wa pili ni Ufaransa.

Zamu zile nazo zimechezewa. Azali alirudi madarakani 2016, na mwaka 2018 katiba ikabadilishwa ili rais aweze kukaa vipindi viwili mfululizo. Alitangazwa mshindi 2019, akatangazwa tena Januari 2024, na wapinzani walilalamikia kura hizo. Sambi alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2022 kwenye kesi ya uuzaji wa pasipoti. Kwa hiyo msiniambie kosa lote ni la mzungu. Mzungu alikata, na sisi wenyewe tumeendelea kuchokonoa kidonda.

JE, KUTENGANA NI DHAMBI?

Hapa nataka tuwe wakweli. Ngoja niwape mfano wa mbali, kule bahari ya Pasifiki. Waingereza walikuwa na koloni moja la visiwa vya Gilbert na Ellice. Mwaka huohuo wa 1974 watu wa Ellice, ambao walikuwa wachache, waliulizwa kama wanataka kutengana na wenzao. Zaidi ya asilimia 90 wakasema ndiyo. Wakatengana. Ellice ikawa nchi ya Tuvalu mwaka 1978, Gilbert ikawa nchi ya Kiribati mwaka 1979. Hakukuwa na mamluki, wala wimbi la watu kuzama wakivukiana.

Tofauti iko wapi? Mimi naona mbili. Kwanza, kule swali lilikuwa wazi kabla ya kura: mnatengana au hamtengani. Kila mtu alijua anachohesabiwa. Pili, aliyekuwa anahesabu hakuondoka na kipande. Waliotengana wote wawili walipata uhuru.

Tuje nyumbani sasa. Ruangwa na Nachingwea zilikuwa wilaya moja mpaka mwaka 1995. Ruangwa ikakatwa ikawa wilaya yake. Kuna mtu alikufa? Hakuna. Faida yake inaonekana, mtu wa Ruangwa hahitaji kuja Nachingwea kutafuta ofisi ya mkuu wa wilaya. Watu wa Mayotte mwaka 1958 walikuwa na hoja hiyohiyo, ofisi isiwe mbali. Kama Moroni wangewasikiliza mapema, nadhani hadithi ingekuwa nyingine.

Lakini jaribuni kufikiria. Mwaka 1961, siku za uhuru, Mwingereza angesema: "Tanganyika nawapa, ila Nachingwea nilijenga reli na nilifyeka mapori kwa ajili ya karanga, kwa hiyo Nachingwea tuihesabu peke yake." Mradi ule wa karanga ulimgharimu pauni zaidi ya milioni 35, ukafa mwaka 1951. Tuseme angewaahidi wazee wetu mishahara na hospitali ya Kiingereza. Wangapi wangekubali? Mimi sina uhakika na babu yangu! Na leo mtu wa Ruangwa angehitaji viza kuja Nachingwea sokoni.

Bahati yetu karanga zilikataa kuota vizuri. Mkoloni akiona hasara anaondoka na reli yake inang'olewa. Akiona faida, ghafla anakumbuka demokrasia ya kisiwa kimojakimoja. Ndiyo maana mwaka 1964 kule Cairo viongozi wa Afrika walikubaliana kuheshimu mipaka iliyokuwepo siku ya uhuru. Ni mipaka mibaya, wote wanajua, lakini walau hakuna anayekuja kuikata upya na mkasi wake. Na hili halijapitwa na wakati. Mwaka 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba Uingereza haikufuata sheria ilipovikata visiwa vya Chagos kutoka Mauritius kabla ya uhuru wake. Ila mahakama haina jeshi la majini.

JIBU LA DOGO

Sasa dogo, narudi kwako. "Mtu akipata boti si anafika?"

Mpaka mwaka 1995 mtu wa Anzuani alikwenda Mayotte bila viza. Alikwenda kuuza ndizi, kumwona shangazi, kuoa. Januari 1995 Ufaransa ikaweka viza, ambayo watu wanaiita ya Balladur, jina la waziri mkuu wa Ufaransa wa wakati ule. Kuanzia hapo watu wanavuka usiku kwa boti ndogo za uvuvi zinazoitwa kwassa. Ni kilomita 70 tu kutoka Anzuani. Ripoti ya maseneta wa Ufaransa ya mwaka 2012 ilitaja makadirio ya waliokufa tangu viza ianze: kati ya 7,000 na 10,000. Hao si wa Mediterania, dogo. Ni hapa jirani. Na hawavuki Wakomoro peke yao, wamo pia watu kutoka bara, Wakongo na Warundi, wengine wakipitia pwani yetu.

Na waliofika? Mwaka 2009 Mayotte walipiga kura tena, mwaka 2011 kisiwa kikawa mkoa kamili wa Ufaransa. Lakini ndo mkoa maskini kuliko mikoa yote ya nchi hiyo. Mwaka 2023 serikali ya Paris ilituma mamia ya polisi kubomoa vibanda na kuwarudisha watu. Tarehe 14 Desemba 2024 kimbunga Chido kikapita, siku iliyofuata kikaingia Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma. Mayotte vibanda vya mabati vya vilimani vilifagiliwa. Wengi waliokaa humo hawakuwa na karatasi, na wapo walioogopa kwenda kwenye makimbilio wakidhani ni mtego wa polisi.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Ile kwenye ramani si njia ya mkato ya kwenda Ulaya. Ni mpaka uliochorwa baada ya kura kupigwa, kwa kanuni iliyotungwa matokeo yakiwa mezani, na miaka 50 baadaye watu wanauvuka wanakufa.

Funzo ninaloondoka nalo ni moja. Siku yoyote mtu akikuletea kura, iwe ya nchi, ya kijiji, hata ya chama cha msingi cha korosho, usiulize tu nani anagombea. Uliza kwanza: zitahesabiwaje, na nani kaamua hivyo, na kaamua LINI? Akikujibu "tutaona baada ya matokeo", shika kofia yako uondoke.

Wadau, naomba maoni. Wa Ruangwa na wa Nachingwea, msianze kutukanana tafadhali! Swali langu ni hili: mngekuwa ninyi Mayotte mwaka 1974, ofisi imeshahamia Moroni na Mfaransa anaahidi hospitali, mngepiga kura gani? Semeni ukweli, siyo mnachotaka kusikika mkisema. Mimi mwenyewe nimejiuliza wiki nzima, na jibu langu halijanipendeza.